Kuhama na familia kutoka Mbeya kwenda Ujerumani, hatua kwa hatua nilivyopitia mimi

Hili swali la tulihamaje Ujerumani naulizwa kila wiki, na ndugu, na watu niliosoma nao, na mteja wangu mmoja wa zamani, kila mtu naandikia meseji ndefu alafu inapotea humo humo kwenye simu, sasa acha niweke yote sehemu moja. Mimi ni fundi umeme, nilikuwa na kibanda changu Mwanjelwa, mke wangu ni nesi, yeye mtu wa Iringa mimi wa Tukuyu, watoto wawili, wa kike alikuwa na miaka 8 na wa kiume 5. Mama watoto ndo alipata kazi hospitali huku Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, akatangulia, sisi tukafuata baada ya mwaka na miezi miwili. Kwa hiyo naandika kama mume aliyemfuata mke, na ntakuambia mapema kabisa, katika familia inayohama huyo anayefuata ndo wa kupangiwa kuliko wote. Anayefanya kazi ana bosi wa kumwamsha, watoto wana shule, yeye anaamka anaangalia ukuta. Ntalirudia hili mbele.

Kama wewe unaenda nchi nyingine, mambo ya upande wa nyumbani ni yaleyale karibu yote, ya upande wa huku ndo utabadilisha.

Hatua ya 1: Kaeni kikao, amueni nani anatangulia

Najua raha ya kupanda ndege wote siku moja mkapiga picha. Msifanye hivyo kama mna njia nyingine. Kupata nyumba huku ukiwa bado uko Mbeya ni kujitafutia kutapeliwa tu, mtu anakutumia picha za nyumba nzuri anakwambia tuma diposti nikutumie funguo kwa posta, ukituma ndo kwaheri. Usimtumie hela mtu ambaye hakuna mwenzako aliyeingia ndani ya hiyo nyumba kwa miguu yake. Alafu kingine, ukiomba viza ya familia mara nyingi watataka kuona mshahara wa aliyetangulia unatosha kulisha wote na mna sehemu ya kukaa, sasa hivyo vitu vinatengenezwa na mtu aliyeko huku tayari.

Ubaya wake ni watoto kukaa mbali na mzazi mmoja. Wa kwangu mdogo ilifika mahali akiona simu inaita anasema "mama yupo kwenye simu" kama vile anaishi humo ndani. Iliniuma. Ila bado ningefanya vilevile.

Hatua ya 2: Majina, majina, majina

Hapa ndo watu wengi wanakwama na hawaamini kama ndo watakwama hapa. Anza leo, hata kabla hujajua tarehe ya kuondoka.

Chukua vyeti vyote vya nyumbani uvitandaze mezani: vyeti vya kuzaliwa vya wote, cheti cha ndoa, kitambulisho cha NIDA, vyeti vya shule, kadi za kliniki za watoto. Soma jina moja moja, herufi kwa herufi, usisome kama unasoma gazeti. Kwetu mtu anaitwa hivi kanisani, shuleni anaitwa vile, na NIDA wamemuandika kivingine na maisha yanaenda. Mjerumani haendi hivyo. Kwake herufi moja ikizidi hao ni watu wawili.

Kwa binti yangu, jina la mama yake kwenye cheti cha kuzaliwa lilikosewa herufi moja, na kosa lilianzia kule kwenye tangazo la kizazi, karani alisikia alivyosikia akaandika. Miaka 8 hatukuwahi kuliona. Kulirekebisha ikabidi nianze safari za ofisini, hati ya kiapo mahakamani, barua, nakala, rudi kesho, rudi Jumatatu, ikanila miezi mitatu. Miezi mitatu kwa herufi moja aisee.

Cheti cha kuzaliwa kiwe cha RITA, wale wakala wa serikali wa kusajili vizazi. Cha ndoa vilevile kiwe cha serikali, kile kizuri cha kanisani chenye maua ulichotundika sebuleni kiache hukohuko sebuleni. Na kuna hili la majina ya ukoo, sisi Watanzania ndani ya nyumba moja baba ana jina lake la mwisho, mama amebaki na la baba yake, watoto wanatumia jina la kwanza la baba au la babu. Kisheria hamna tatizo lolote, ila ujue utaulizwa kila dirisha "hawa ni watoto wako kweli?" Kwa hiyo kwenye begi la mkononi vyeti vya kuzaliwa vya watoto visitoke. Na kama unasafiri na watoto mwenyewe bila mwenzako kama mimi, beba barua ya mwenzako ya kukubali, iliyosainiwa vizuri na kugongwa mhuri wa wakili, pamoja na nakala ya pasipoti yake.

Hatua ya 3: Pasipoti

Hii fupi. Kila mtoto anatakiwa kuwa na yake, fomu unajaza mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji, ada shilingi 150,000 kwa kila mmoja, humo ndani 20,000 ni ya fomu na hairudi. Alama za vidole unaenda mwenyewe. Mimi na watoto wawili 450,000, weka na nauli na picha. Hamna haja ya kishoka yeyote pale nje, fomu inajazika.

Hatua ya 4: Lugha kabla ya koti

Watu wanaulizia makoti. Koti utalikuta huku, tena la mtumba zuri la bei ndogo. Lugha hulikuti imening'inia dukani.

Kwa mwenza anayefuata, mara nyingi ubalozi unataka cheti cha Kijerumani ngazi ya A1, ndo ile ya chini kabisa, kujitambulisha, kuuliza bei, kujaza fomu fupi. Kuna wenza wa baadhi ya wafanyakazi wenye ujuzi ambao hawadaiwi hicho cheti, inategemea mwenzako ana kibali cha aina gani, soma tovuti ya ubalozi usimsikilize mtu wa kijiweni. Mimi nilidaiwa. Na namshukuru Mungu nilidaiwa.

Mbeya hamna Goethe-Institut, ile taasisi ya kufundisha Kijerumani, iko Dar, na mtihani unafanyia hukohuko. Mimi nilisoma kwa simu, video za bure, jioni nikishafunga kibanda, kwa miezi kama saba hivi. Vijana wa kibandani wakawa wananicheka nikisoma maneno kwa sauti huku nimeshika testa. Nikaenda Dar kufanya mtihani nikarudi. Ushauri wangu: usiishie A1 kwa sababu tu ndo inayodaiwa, ukipata nguvu songa A2 ukiwa bado nyumbani, maana ukifika huku siku za mwanzo utakuwa unakimbizana na makaratasi na kichwa hakishiki kitu.

Mama watoto yeye kwa unesi alitakiwa afike B2, hiyo ni ngazi ya nne kutoka chini, ilimchukua muda mrefu sana na machozi. Kwa manesi wanaoniuliza, huo ndo mlima wenyewe, mengine yote ni vichuguu.

Watoto nao wafundishe kidogo tu: salamu, naomba chooni, naumwa, sielewi, jina langu. Hayo matano yanatosha wiki ya kwanza shuleni. La chooni usilisahau.

Hatua ya 5: Ubalozini Dar

Mnaenda wote, na watoto, maana kila mmoja ana ombi lake. Ada ya viza ya muda mrefu ni yuro 75 kwa mtu mzima na 37.50 kwa mtoto chini ya miaka 18. Vyeti vinatakiwa tafsiri ya Kijerumani ya mfasiri anayetambulika, sio ya yule kijana wa stationari anayejua komputa. Orodha ya makaratasi ipo kwenye tovuti yao, iprinti, na upange kwa mpangilio uleule walioandika wao, hata kama unaona haina maana.

Kutoka Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800, kwa basi ni siku nzima, na kona za Kitonga mnazijua. Mwanangu alitapika Kitonga kwenda na kurudi. Usipange ufike Dar usiku alafu asubuhi uwe dirishani, fika siku moja kabla, watoto walale waoge. Ukiwa na uwezo panda ndege pale Songwe, mimi sikuwa nao.

Alafu tiketi ya kwenda Ulaya usinunue mpaka viza iko kwenye pasipoti. Najua bei inapanda. Acha ipande.

Hatua ya 6: Unachoacha nyuma

Nyumba yetu ya Uyole tukapangisha, shamba la parachichi kule Rungwe akabaki nalo mdogo wangu. Hata kama ni ndugu wa tumbo moja, andikishaneni. Nenda kwa wakili utengeneze hati ya uwakilishi, ile wanaita pawa ofu atoni, itaje wazi anaruhusiwa kufanya nini: kukusanya kodi sawa, kuuza kiwanja hapana. Haimaanishi humwamini, inamsaidia na yeye akibanwa na wajomba.

Laini ya simu, sikiliza vizuri hapa. Laini yako ya Tanzania ndo inapokea namba za siri za benki na ndo pochi yako ya hela. Ikifungwa ukiwa huku kuirudisha ni kazi, maana inasajiliwa kwa alama za vidole na vidole vyako viko Leipzig. Kabla hujapanda ndege washa rominga, yaani laini ishike mtandao ukiwa nje ya nchi, iweke kwenye simu ndogo, na kila baada ya muda iongezee vocha na utume hata meseji moja. Mimi simu yangu ndogo iko kwenye droo ya jikoni inachajiwa kila Jumapili kama mgonjwa.

Mikopo ya vikundi na ya benki maliza, au upange nani anarejesha. Na kwenye kikao cha ukoo cha kuwaaga, semeni ukweli kwamba mwaka wa kwanza hamtakuwa na hela ya kutuma. Sisi hatukusema. Wiki ya pili nipo huku nabeba boksi ngazi za ghorofa ya nne, simu inaita, mtu anataka bati 40.

Hatua ya 7: Begi

Sisi watu wa Mbeya tunajiona tunajua baridi. Juni na Julai tunavaa sweta, Makete na Kitulo kunaganda asubuhi, tunawacheka watu wa Dar. Basi nikashuka huku Januari nimevaa jaketi langu la Mbeya, ilikuwa nyuzi nane chini ya sifuri, nikasikia masikio kama sio yangu. Weka kwenye begi la mkononi kofia, glavu na soksi nzito za kila mtu, mvae kabla ya kutoka uwanjani, mengine mtanunua.

Lakini kuliko baridi, ni giza. Desemba huku jua linazama saa kumi jioni na linachomoza baada ya saa mbili asubuhi. Mwanangu aliuliza kama leo Mungu amesahau.

Chakula: usibebe nyama wala maziwa kutoka Tanzania, hairuhusiwi kuingiza Ulaya, hata nyama ya kukausha, hata ile bibi aliyokufungia kwenye majani kwa upendo wote. Matunda mabichi nayo karibu yote yanazuiwa bila cheti cha ukaguzi wa mimea, parachichi zetu za Rungwe zikaishia kuliwa uwanjani Dar. Unga wa ugali na mchele usijaze begi, huku mjini kuna maduka ya Waafrika na ya Waasia. Hela taslimu ikifika yuro 10,000 unatakiwa kuitangaza forodhani, wengi wetu hiyo haituhusu.

Umeme, sasa hapa ni ofisini kwangu. Volti ni zilezile 230 na hezi 50, kwa hiyo pasi yako na blenda vitafanya kazi, tofauti ni plagi tu, sisi tunatumia ya miguu mitatu bapa, wao miguu miwili ya mviringo. Nunua adapta mbili tatu na beba ekstensheni moja ya nyumbani, adapta moja kwenye ekstensheni inakupa matundu manne. Ila usije ukakata plagi ukafunga nyingine kienyeji, na usifungue ukuta wa nyumba ya kupanga, huku kazi ya kuunga kwenye mtandao wa umeme inafanywa na mafundi waliosajiliwa tu. Iliniuma kidogo, nimefunga nyumba nzima nzima Mbeya alafu huku siruhusiwi kuhamisha swichi.

Hatua ya 8: Wiki mbili za kwanza

Ukishahamia kwenye nyumba una wiki mbili za kwenda kujiandikisha ofisi ya wakazi, wanaita Anmeldung. Bila hiyo karatasi hamna namba ya mlipa kodi, benki wanakusumbua, shule inasuasua, kila kitu kinaning'inia hapo. Mnahitaji pasipoti, vyeti, na karatasi aliyosaini mwenye nyumba kwamba kweli mnakaa kwake. Ahadi ya kuonana na ofisi muombe kabla hamjafika, aliyetangulia aifanye hiyo.

Siku hiyohiyo nenda kwenye sanduku la barua chini ya ghorofa uandike majina ya ukoo ya WOTE. Huku tarishi haangalii namba ya mlango, anaangalia jina, na serikali yao bado inapenda barua za karatasi kuliko sisi. Sanduku letu lilikuwa na jina la mke wangu tu, barua zangu zote zikawa zinarudi zilikotoka, kadi ya benki imerudi, barua ya kodi imerudi, mwezi mzima najiona kama mtu asiyekuwepo. Kumbe ni kikaratasi tu na gundi.

Alafu bima ya afya. Kama aliyeajiriwa yuko kwenye bima ya umma, mwenza asiye na kipato na watoto wanaingia kwenye bima yake bila kuongeza mchango, ila lazima muombe, haijiwashi yenyewe. Pesa ya watoto wanayoita Kindergeld ni yuro 259 kwa mtoto kwa mwezi tangu Januari 2026, haki hiyo inategemea aina ya kibali chenu, na wanalipa nyuma miezi sita tu, kwa hiyo usiseme ntaomba nikitulia. Kuna na ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na TV usiwe nayo. Mimi barua yake ilipokuja nikadhani ni matapeli nikaitupa. Sio matapeli.

Viza yenu ina mwisho. Kabla haijaisha lazima muwe mmeomba kibali cha ukaazi ofisi ya wageni, na miji mingine foleni yake ni ndefu, ombeni mapema na mtunze ushahidi kwamba mliomba.

Hatua ya 9: Nyumba

Kuna kodi baridi na kodi ya moto, ndo wanavyoziita, baridi ni ya nyumba tupu, ya moto imeongezwa joto na maji na takataka. Umeme mara nyingi unalipa pembeni. Diposti kisheria haizidi miezi mitatu ya kodi baridi na una haki ya kuilipa kwa mafungu matatu. Usishangae nyumba haina jiko kabisa, yaani unakuta bomba linatoka ukutani na tundu la umeme, sinki hamna kabati hamna, aliyehama amehama navyo.

Hatua ya 10: Shule

Kusoma ni lazima kisheria, na kumfundishia mtoto nyumbani hairuhusiwi. Kuingia shule au chekechea unatakiwa uthibitisho wa chanjo ya surua. Watoto wetu huchanjwa surua-rubela miezi 9 na miezi 18, kwa hiyo kadi ya kliniki ni dhahabu, usiiache, na uitafsiri. Kadi ya mwanangu ilikuwa imelowa chai, tarehe moja haisomeki, ikabidi aende kupimwa damu.

Binti aliingizwa darasa la maandalizi, watoto wageni wanasoma Kijerumani kwanza alafu taratibu wanachanganywa na wenzao. Miezi mitatu ya mwanzo hakuongea shuleni. Kabisa. Nikaitwa, nikaogopa, mwalimu akaniambia subiri. Mwezi wa tano akaanza, na alipoanza hakunyamaza tena, sasa ananisahihisha mimi mbele za watu.

Wa kiume alianza darasa la kwanza Agosti, na hapa nataka mzazi yeyote anayekuja asikie. Huku kuanza darasa la kwanza ni sherehe kama kipaimara. Mtoto anapewa koni kubwa ya karatasi ngumu, ndefu karibu kama yeye, imejazwa pipi, penseli na zawadi, na hapa Saxony, jimbo letu, sherehe inafanyika Jumamosi, mababu na mabibi wanakuja na maua. Mimi sikujua. Barua ya shule nilisoma nikaelewa tarehe na saa tu, mama watoto alikuwa zamu ya usiku. Tukafika ukumbini mwanangu amevaa shati jeupe limepigwa pasi vizuri, mikono mitupu, watoto wote wamekumbatia makoni. Hakulia. Alinishika suruali tu. Mama mmoja wa Kisaksoni, simfahamu, akatoka nje akarudi na koni ndogo ya mwanawe mdogo, maana huwa wanawanunulia na wadogo ndogo ili wasione wivu, akampa. Mpaka leo ile koni iko juu ya kabati. Ukipata barua ya shule isome yote, tafuta mtu akusomee, lipa mtu akusomee.

Hatua ya 11: Yule anayefuata

Sasa nirudi kwenye lile nililosema mwanzo. Miezi minne ya kwanza mimi nilikuwa napeleka watoto, napika, naosha, nasubiri. Hakuna ubaya, ila mtu uliyezoea kuitwa "fundi" kuanzia asubuhi mpaka jioni, ghafla hakuna anayekuita kitu. Simu za nyumbani wanauliza "sa we unafanya nini huko?" nikawa nadanganya. Nikawa na hasira na mke wangu akirudi kazini amechoka, yeye naye anashangaa hiki nini, tumefika tulikotaka, mbona mtu amenuna. Tulikaribia kugombana vibaya.

Kwa hiyo fanyeni hivi, na mfanye kabla ya ndege. Moja, mwenza aliyekuja kwa viza ya familia anaruhusiwa kufanya kazi, iandikwe kwenye kibali na muisome wote, maana wengi wanakaa ndani wakidhani hawaruhusiwi. Mbili, mkifika tu omba kozi ya ujumuishaji, ni masaa 600 ya lugha na 100 ya sheria na historia yao, na hata kabla hujajifunza lugha yenyewe inakupa sababu ya kuvaa viatu asubuhi. Darasani kwetu walikuwepo Wasiria, Waukraine, mama mmoja wa Eritrea, tukawa tunacheka pamoja kwa Kijerumani kibovu, nikaanza kupumua. Tatu, vyeti vya ufundi vibebe vyote, cha VETA na barua za kazi ulizofanya, vipeleke kupimwa na chama cha ufundi cha mji. Changu walikubali sehemu, nikaambiwa nikamilishe mafunzo fulani kazini, sasa hivi nipo kwenye kampuni ndogo kama msaidizi, napanda ngazi upya nikiwa na miaka 41. Nne, aliye kazini ampe aliye nyumbani masaa yake, sisi ilikuwa Jumanne na Alhamisi jioni yeye na watoto, mimi natoka, hata kama naenda kutembea tu.

Leseni ya udereva ya Tanzania unaruhusiwa kuitumia miezi sita tu tangu uanze kuishi huku, baada ya hapo ni mtihani wa nadharia na wa barabarani, na ni gharama. Mjini tiketi ya mwezi ya nchi nzima ni yuro 63 tangu Januari 2026, mabasi na treni za kawaida zote, na watoto chini ya miaka 6 hawalipi. Gari tumeliacha kwanza.

Hatua ya 12: Jirani na Jumapili

Jumapili maduka yanafungwa na kelele hamna. Mimi nikatwanga karanga kwenye kinu Jumapili saa nane mchana, ghorofa ya nne. Dakika kumi hazikuisha bibi wa chini amepanda, anatetemeka, alidhani tunabomoa ukuta. Nikamuonyesha kinu, nikampa karanga kwenye bakuli. Wiki iliyofuata bakuli likarudi na keki. Usiku kuanzia saa nne ni kimya vilevile, mkihamia tu zungukeni milango yote mjitambulishe, watoto mbele.

Takataka zinatenganishwa, karatasi kivyake, plastiki kivyake, mabaki ya chakula kivyake. Chupa nyingi za plastiki za maji na soda ukizirudisha dukani unalipwa senti 25, watoto wetu ndo mradi wao.

Tafuteni na watu. Wa kiume tulimpeleka klabu ya mpira ya mtaa, ndani ya mwezi alikuwa na marafiki kuliko sisi wote. Kwangu mimi mlango ulikuwa kanisa, maana sisi Wamoraviani chimbuko letu ni Herrnhut, mji mdogo hukuhuku Saxony, ndo walikotoka wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891. Tukaenda siku moja kwa treni na basi. Makaburi yao yote ni mawe bapa yamelala chini, sawa kwa sawa, tajiri na masikini. Mzee mmoja akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania, akasema Tanzania wapi, nikasema kusini, utakuwa hupajui, Rungwe. Akacheka, akatamka "Rungwe" vizuri kuliko watu wengine wa Dar.

Hatua ya 13: Kiswahili ndani ya nyumba

Mwaka mmoja tu watoto wanaanza kugombana kwa Kijerumani. Sheria yetu ni kwamba ukivua viatu mlangoni umeingia Tanzania, humo ndani Kiswahili, hata wakijibu Kijerumani sisi tunaendelea na Kiswahili bila kuwagombeza. Kila Jumamosi wanampigia bibi wa Tukuyu, lazima waanze na salamu ya Kinyakyusa na wamalize na "ndaga fijo", na bibi wa Iringa akipigiwa ni "kamwene". Bibi anawauliza maswali magumu makusudi: leo mmekula nini, nani kapika, jirani anaitwaje.

Ila angalieni saa. Wakati wa baridi Tanzania iko mbele yetu kwa masaa mawili, na Jumapili ya mwisho ya Machi huku saa zinasogezwa mbele, linabaki saa moja, mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi mwaka wa kwanza Oktoba tukasahau, tukampigia bibi saa tatu yetu ya usiku tukidhani kwake ni saa nne, kumbe saa tano, na simu ya saa tano usiku Tukuyu ni ya msiba. Alipokea analia tayari.